Uzinduzi wa Kituo cha Utafiti wa Udongo Mwekundu wa Lyulilo

Hotuba ya Mheshimiwa Tuntufye, Mratibu Mkuu wa Mradi, aliyoitoa sokoni Lyulilo siku ya Jumamosi mbele ya wafinyanzi, wavuvi, na wananchi waliokuja kununua vyungu wakakuta viti vimepangwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, ndugu Enoki, uliyekaa kwenye kiti changu. Waheshimiwa wajumbe wa serikali ya kijiji, mliopo, mlioko njiani, na mliopiga simu kusema mko njiani. Waheshimiwa wachungaji na wazee wa kanisa. Mheshimiwa mtaalamu wetu wa udongo, ndugu Ezra, mwenye stashahada moja na nyingine anayoifikiria. Waheshimiwa wavuvi, waheshimiwa wauza usipa, dagaa wa ziwa letu, waheshimiwa wenye mitumbwi. Wageni wetu kutoka Kasumulu, ambao nimeambiwa wamepotea njia lakini nimeagiza waandikwe kama wajumbe. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naiomba ijizingatie yenyewe. Nawasalimu kwa lugha ya nyumbani: Mugonile!

(Umati: "Ndaga!" Winnie, muuza usipa, kutoka nyuma: "Na mama mkwe wako je? Amekaa hapo mbele hujamtaja!" Kicheko.)

Mama mkwe yuko ukurasa wa pili, ndugu Winnie, na ukurasa wa pili ndio huu naufungua. Mheshimiwa mama mkwe wangu, Mama Asegelile, mfinyanzi bingwa wa pwani hii yote, shikamoo mama.

(Mama Asegelile, bila kusimama: "Marahaba, mkwe. Kamba unaitoa lini?")

Kamba iko ukurasa wa tisa, mama. Twende kwa utaratibu.

Ndugu wananchi, kwa faida ya wageni wetu wa Kasumulu, nieleze kwa kifupi, nikitumia muda wa kutosha, kwamba miaka miwili iliyopita, mimi mwenyewe, kwa mikono hii ya utumishi, nilizungushia kamba machimbo ya udongo yaliyoko pale juu, mlima unapoanzia, ambapo wafinyanzi wa hapa wamechimba tangu enzi za bibi za bibi zao, nikasimamisha na kibao kisemacho ENEO LA UTAFITI, HAKUNA KUCHIMBA, na tangu siku hiyo hakuna aliyechimba, jambo ambalo katika lugha ya kitaalamu tunaliita mafanikio ya awamu ya kwanza.

(Makofi ya mtu mmoja. Ni Ezra. Mama Asegelile: "Tangu siku hiyo tunapiga kasia asubuhi nzima kufuata udongo dhaifu. Tanuri la juzi nimechoma vyungu thelathini, kumi na tisa vimepasuka. Nilikaa nikivisikia vinalia tu: ta! ta! ta!")

Nakushukuru mama kwa takwimu. Ezra, andika: kumi na tisa. Takwimu zikitoka kwa mwananchi mwenyewe huitwa shirikishi.

Sasa basi, mradi wetu, ambao jina lake kamili ni Mradi wa Utambuzi, Uainishaji na Uendelezaji wa Udongo wa Miguuni mwa Milima, na ambao kwa kifupi, kwa kuchukua herufi ya kwanza ya kila neno lenye uzito, unaitwa MUUUUMM, naomba tutamke pamoja...

(Umati: "Muuuumm!" Ng'ombe aliyefungwa nyuma ya soko anaitikia. Watu wanaangua kicheko. Mwenyekiti Enoki anafuta machozi kwa kofia.)

Naona wadau wa sekta ya mifugo nao wameupokea. Mradi huu, nasema, umejikita kwenye fremuweki ya kisayansi, na sayansi yenyewe ni hii. Milima ile mnayoiona, ambayo ninyi mmeizoea kama ukuta wa kuzuia jua la asubuhi, imejengwa kwa miamba geu. Mwamba geu, ndugu zangu, si mwamba uliozaliwa hivyo. Ulikuwa mwamba mwingine, una maisha yake, ukazikwa chini kabisa, ukabanwa, ukapikwa kwa joto kubwa bila kuyeyuka, miaka isiyohesabika, na ulipotoka ulikuwa na mistari mistari na sura nyingine kabisa.

(Winnie: "Kama mheshimiwa baada ya uchaguzi!" Kicheko kirefu. Ng'ombe tena.)

Kama mheshimiwa, nakubali, ingawa mimi sikuyeyuka wala sikupikwa. Mwamba huo ukishafika juu, mvua inaupiga, jua linaupasua, mizizi inauingilia, nao unaoza taratibu, naam, jiwe linaoza, Ezra ana cheti kinachosema hivyo, na kile kinachobaki baada ya kuoza kinashuka polepole mpaka miguuni mwa mlima, na hapo ndipo tunapata udongo wetu, wenye sifa zifuatazo, ambazo nimezipanga kwa umuhimu wake kwangu. Ni mwekundu, kwa sababu chuma kilichokuwamo ndani ya jiwe kimeshika kutu. Una vimeta vya ulanga, vile vinavyong'aa kiganjani kama magamba ya samaki. Una vijiwe vyeupe vigumu ambavyo mvua imeshindwa kuviozesha, na ambavyo mfinyanzi asipoviondoa chungu kinapasuka. Huko juu mlimani ni mwembamba, ukipiga jembe mara moja unagonga mwamba. Huku chini una kina. Kwa kilimo si hodari, maana mvua zimeiosha rutuba yake, na ndiyo sababu kokoa na ndizi zenu zinapenda zaidi udongo mweusi wa upande wa volkano. Lakini ule utepe mzito ulioko chini ya shimo, uliotulia kwa karne nyingi bila kusumbuliwa na mtu, huo, ndugu wananchi, unanata kama undugu.

(Wanawake: "Kweli! Hapo umesema kweli!" Mama mmoja anapiga kigelegele.)

Utafiti wetu umehusisha watafiti arobaini, semina elekezi kumi na mbili, na dashibodi moja. Umebaini kwamba asilimia mia moja na nne ya wafinyanzi waliohojiwa walihojiwa. Na ili msiseme ninapiga maneno matupu, nimekuja na sampuli yenyewe, iliyokaa maabara miezi mingi, iliyofungwa kwa utepe wa rangi ya taifa, na ninamwomba mama mkwe wangu, kwa heshima ya pekee, aje aithibitishe mbele ya hadhara hii. Ezra, fungua boksi.

(Mama Asegelile anasimama, anajifunga kitenge vizuri. Anachukua udongo kidogo kwa vidole viwili, anautia mdomoni, anausaga kwa meno ya mbele taratibu kama wafinyanzi wa hapa wanavyofanya kabla ya kubeba kikapu chochote. Anatema kwa adabu, pembeni. Kisha anatoa kitu kwenye ulimi, anakiinua juu watu wakione: "Pumba ya mpunga." Mayowe. "Mkwe, huu si wa mlima. Hauna mchanga wa kung'ata, hauna vimeta. Huu ni wa majaruba, kule Kyela, tena wa karibu na nyumba. Una majivu ya jikoni.")

Ezra?

(Ezra, akiangalia chini: "Mheshimiwa, siku ile mvua ilinyesha. Mlima uliteleza. Nilichota nyuma ya nyumba ya wageni, mjini.")

Ndugu wananchi, tulieni! Tulieni, na wewe uliyepanda juu ya meza ya samaki shuka, itavunjika! Hiyo inaitwa sampuli wakilishi. Imewakilisha udongo ambao kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake haukuweza kufika. Hata bungeni kuna wawakilishi, na hamjawahi kuwatia mdomoni.

(Kicheko kinalipuka. Winnie amekaa chini kabisa, ameshika mbavu. Ng'ombe anaunga mkono.)

Mnacheka. Chekeni. Na yeye angecheka.

Namzungumzia marehemu mke wangu, Jubilate, mtoto wa mama huyu. Hayupo kwenye hotuba, hana ukurasa, lakini kwa vile mama ameonja udongo mbele yangu nimemwona yeye. Jubilate alikuwa na kazi hiyo hiyo, ila aliifanyia kwenye viatu vyangu. Nikifika nyumbani alikuwa hasemi karibu. Anainama, anakwangua soli kwa kijiti cha ufagio, anatazama. Mweusi: "Ulikuwa majarubani, unakagua mpunga." Kijivu chenye mchanga: "Ulikuwa ufukweni, unakula samaki wa watu." Mwekundu wenye vimeta: "Leo umepanda kwa mama. Kaa, ule." Miaka kumi na saba sikuweza kumdanganya nilikokuwa. Hakuwahi kuuliza ripoti. Alikuwa na kijiti.

(Mama Asegelile: "Alikuwa akiiba kile kijiti kwangu. Kila akija anaondoka na kimoja." Anacheka, na wanawake waliomzunguka wanacheka naye, polepole.)

Alikuwa navyo vingi, mama. Nimevikuta nyuma ya mlango. Sijavitupa.

Narudi kwenye hotuba. Ukurasa wa saba, maono. Ifikapo mwisho wa mpango mkakati, Lyulilo itakuwa kitovu cha udongo katika ukanda wote wa ziwa hili. Tutakuwa na maabara ya ghorofa tatu. Tutakuwa na lifti, na kama umeme hautakuwepo, lifti itakaa chini ikisubiri, kama sisi sote. Udongo wenu utawekwa kwenye mtandao, ili mtu akiwa Ulaya aweze kuubonyeza. Kila mfinyanzi atapewa kitambulisho cha mfinyanzi, na kila chungu kitapewa kitambulisho cha chungu, na chungu kikipasuka kitatakiwa kurejesha kitambulisho chake ndani ya siku saba!

(Vigelegele, mbinja, makofi ya kejeli. Mwenyekiti Enoki: "Na cha mwenyekiti?" "Utarejesha pamoja na kiti changu!" anajibu Mheshimiwa. Mama Asegelile: "Mkwe, ukurasa wa tisa. Wingu limeshakaa juu ya mlima. Mvua ikianza shimo linajaa maji, na mwaka mwingine umepita. Sisi tunaishi kwa vyungu. Kamba.")

Tunakaribia, mama, tunakaribia, tumebakiza kaulimbiu tu, bila kaulimbiu uzinduzi si halali. Nikisema Udongo, mnasema Wetu! Udongo!

(Umati: "Wetu!")

Miamba!

(Umati: "Geu!")

MUUUUMM!

(Ng'ombe peke yake. Watu hawawezi tena, wanacheka mpaka wanakohoa.)

Sasa shukrani. Kwanza nawashukuru watafiti arobaini, ambao ni Ezra. Pili, namshukuru mkandarasi ambaye angejenga kituo hiki, na ambaye hajapatikana kwa kuwa hajatafutwa. Tatu, nawashukuru wenye jengo hili zuri la Kituo mnaloliona nyuma yangu, ambalo ni turubai la harusi, na wenyewe wanalihitaji saa kumi. Nne, na kwa uzito wa pekee, nawashukuru wafadhili wetu wa ng'ambo, ambao barua yao ninayo hapa mfukoni tangu ilipofika, na ambayo sikuwahi kumsomea mtu, nayo inasema kwamba hawajawahi kusikia habari za mradi huu, hawana mpango wa kuusikia, na wanatutakia kila la heri.

(Mama Asegelile: "Kwa hiyo mradi haupo?")

Kwa sasa haupo, mama.

("Uliwahi kuwepo?")

Ulikuwepo katika hatua za... Ulikuwepo kwenye andiko, mama, na andiko nililiandika mimi, nikalituma mimi, na nikafunga kamba kabla ya majibu. Hapana. Haukuwahi kuwepo. Niliifunga ile kamba mwezi ule tuliomzika Jubilate. Nilikuwa nahitaji kitu cha kuratibu. Halafu barua ikaja, nikaona aibu kupanda kuifungua kamba, maana njia ya kwenda machimboni inapita mlangoni kwako. Ikawa wiki, ikawa mwezi, nikaanza kuandika hotuba. Nisamehe, mama.

(Mama Asegelile anawageukia wanawake: "Mmesikia? Kamba ya mradi usiokuwepo inamzuia nani?" "Hakuna!" "Majembe yako wapi?" Vigelegele vinapasuka soko zima. Wanawake wananyanyua vikapu na majembe, wageni wa Kasumulu wanauliza njia ni ipi, Winnie ameacha usipa wake juani anakimbia mbele ya wote. Viti vinaanguka. Ezra naye ameondoka, ameshika jembe la mtu.)

Ndugu wananchi! Naomba mkae! Shimo halijazinduliwa! Mtachimbaje kabla ya tamko? Basi natamka, kwa mamlaka niliyojipa, kwamba machimbo haya sasa ni... ndugu Enoki, hata wewe? Natamka kwamba ni ya wafinyanzi, kama yalivyokuwa, na kama ningeyaacha yalivyokuwa, na kwamba tuliobaki hapa tunaunga mkono, na tuliobaki hapa ni mimi na viti.

(Mama Asegelile bado amesimama mbele ya jukwaa. Miguuni pake kuna vikapu viwili vitupu. Anasogeza kimoja kwa mguu, taratibu, kuelekea kwa msemaji: "Mkwe, vikijaa sitaviweza vyote viwili.")

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Ndaga fijo. Kurasa kumi na nne zilizobaki zichukuliwe kuwa zimesomwa, na kwa mamlaka hayo hayo ninaahirisha kikao hiki hadi shimoni.