Kisanduku Kinachodai Kiuno cha Mteja

Mwalimu Mheshimiwa wa Darasa la Kompyuta,

Mimi ni fundi cherehani, mjomba wa yule binti unayemfundisha kutengeneza tovuti. Tangu aingie darasani mwako tunamwita Kitufe. Natumaini hujambo, mimi sijambo kwa mwili tu. Nakuomba kwa adabu zote umfundishe mpwa wangu kusahau ulichomfundisha, kwa sababu hizi:

1. Amenitengenezea tovuti ya duka. Mteja akiifungua, kabla hajaona hata shati moja, kinamrukia kisanduku cha "Karibu", na hapiti mpaka abonyeze "Sawa". Mimi nikimkaribisha mtu simzibii mlango.

2. Kwenye fomu ya oda, mteja asipojaza kiuno, maandishi yanageuka mekundu na kitufe cha kutuma kinagoma. Mwalimu, mimi nashona kwa jicho. Mtu akipita tu ng'ambo ya barabara nimeshaijua suruali yake. Sasa wateja wanakuja dukani kuniuliza tepu ya kupimia iko wapi.

3. Nilipouliza amri hiyo inatolewa na nani, Kitufe akanieleza kwamba maagizo aliyoyaandika kwenye tovuti yanafanya kazi ndani ya simu ya mteja, si dukani. Yaani nina karani anayeshinda mfukoni mwa mteja, anakula chaji ya mteja, halafu niamini yuko upande wangu? Mimi simpi kitu, na mkono mtupu haulambwi. Tena Kitufe mwenyewe anakiri kwamba mteja mjanja anaweza kumzima.

4. Ugonjwa umeingia nyumbani. Mtu akitaka kufuta oda, tovuti humuuliza, "Una uhakika?" Mke wangu amelipenda swali hilo. Juzi nilitangaza kwa hasira kwamba nahama chumba, akaniuliza hivyo hivyo, nikajikuta sina.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Pale dukani hakuna mkono kama wa Kitufe kwa matundu ya vifungo, na nilitegemea nikichoka ashike mkasi yeye. Sasa cherehani yake imefunikwa shuka, naye anainamia kompyuta kutafuta nukta mkato iliyopotea, eti bila hiyo tovuti haiendi. Sindano ikipotea, walau atakayeikalia atatujulisha.

Kwa hiyo naomba umwondoe darasani, umpe cheti cha kusahau, na kufikia Jumatatu awe amerudi kwenye cherehani yake.

Wasalimie walimu wenzako, wote wa nyumbani kwako, na yule mlinzi wa getini aliyekataa kunipisha.

Ni mimi, kwa heshima na uchungu,
Fundi, Mjomba wa Kitufe

Tanbihi: Nasikia Ijumaa wanafunzi wataonyesha kazi zao, na Kitufe ataonyesha tovuti ya duka langu mbele za watu. Nimeamua kujishonea suti. Nimejipima kwa tepu nikajaza ile fomu, na kiuno nilichokijua kwa jicho miaka yote kumbe si changu. Usimwondoe. Niwekee kiti cha mbele, na ukiona mzee anapiga makofi kabla ya wakati, mwache tu.