Bazilio Anapanda Baiskeli

Jumatatu, 1 Septemba 1975
Kisomo cha watu wazima jioni. Mwalimu Hilali, yule wa Tanga, kaandika ubaoni "kwa mikogo", kila mtu atunge sentensi. Mama Josepha akatoa yake: Bazilio anapanda baiskeli kwa mikogo. Darasa zima likanigeukia, likacheka. Mwalimu akampa vema. Nimerudi nyumbani sielewi. Nimesifiwa au nimetukanwa? Jumapili tunachagua balozi wa nyumba kumi, wagombea ni mimi na Stanislaus. Basi nahesabu nimesifiwa.

Jumanne, 2 Septemba
Nimemuuliza mke wangu, Epifania. Akasema ni kufanya jambo ili watu wakuone mkubwa. Nikasema basi huyo ni Stanislaus. Akasema, "Baba Crispin, hapa Muyama mtu akikutana na mzee hushuka, akauliza ya nyumbani, ya watoto, ya maharage, mpaka ya mbuzi. Wewe unapiga kengele."

Kweli napiga. Wazee mara mbili, wengine mara moja. Heshima gani inazidi hiyo?

Hata hivyo nimepata mpango. Nitashuka.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimeshuka mara thelathini na moja, kutoka nyumbani hadi kanisani. Nilivaa koti la Pasaka nionekane vizuri. Kila niliyemshukia nilimuuliza kama ameona. Mzee Gharibu alikuwa ameinama shambani, hakuona. Nikapanda, nikashuka tena. Akauliza kama mnyororo umekatika. Ya mbuzi nilisahau.

Jumapili, 7 Septemba
Baada ya misa, uwanjani, watu wakapanga mstari nyuma ya wagombea. Nikafumba macho, nikasali Salamu Maria. Kufumbua, nyuma yangu yuko Epifania peke yake. Nikamshukuru kwa imani yake. Akasema si imani, ni ndoa.

Jioni Stanislaus kapita na baiskeli yake. Akashuka, akaiegemeza kwenye mgomba, akauliza ya nyumbani, ya watoto, ya maharage. Akauliza na ya mbuzi wetu aliyekuwa anaumwa, kama anakula sasa. Nilikuwa sijui kama anaumwa. Machozi yalinilengalenga, sijui kwa nini.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimesali rozari nzima na Mungu kanifumbua macho. Neno nimelielewa. Kisomo jioni nimekuwa wa kwanza kunyoosha mkono: Stanislaus anashuka baiskeli kwa mikogo.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu hakunipa vema. Nadhani chaki ilikuwa imemwishia.