Tunguu la Mama Mkunga

Kinanda hakuwa na duka wala ofisi. Alikuwa na ulimi, na ulimi ule ulimlisha vizuri kuliko vyeti vinavyowalisha wengi. Jina alipewa na watu wa mtaani kwa sababu popote ulipomgusa, alitoa sauti tamu. Asubuhi aliyopanda ngazi za jengo la ghorofa nne nyuma ya soko, alikuwa akiuza soli za viatu ambazo, kwa maelezo yake, ziliondoa maumivu ya mgongo, usingizi wa mchana na wivu wa ndoa.

Mlango wa mwisho kule juu ulifunguliwa na mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mkunga mstaafu ambaye jengo zima lilimwita Mama Mkunga. Soli hakuzitaka. Alimwambia asimame pale pale mlangoni na asiguse kitu, maana yuko kazini.

Kinanda akachungulia. Dirishani kulikuwa na vyungu sita, na katika kila chungu ua kubwa lenye mdomo kama tarumbeta, limesimama juu ya bua nene lililochomoza kwenye tunguu mithili ya kitunguu. Matano yalikuwa mekundu, moja jeupe. Mama Mkunga alikuwa na kibrashi cha kupakia wanja. Aligusa unga wa manjano ndani ya ua jekundu, akavuka hadi kwenye jeupe, akaupaka taratibu kwenye ncha ya kijiti cha katikati.

"Unayapaka poda, mama?"

"Nayaozesha."

Akamweleza bila kugeuka. Ghorofa ya nne nyuki hapandi, kwa hiyo ua la ndani ya nyumba likitaka watoto lazima lipate mshenga. Unga ule ni chavua. Ukishika vizuri, ua linasinyaa na nyuma yake kinavimba kifuko cha kijani. Baada ya wiki kama tano kifuko kinakauka, kinapasuka, na ndani zimepangana mbegu nyeusi, nyembamba kama karatasi iliyoungua.

Kinanda akauliza mtoto atakuwa wa rangi gani. Mama Mkunga akasema hapo ndipo penye utamu: anaweza kufuata baba, anaweza kufuata mama, anaweza kuja na rangi ya bibi yake. Anayeotesha mbegu hizo hulijua jibu baada ya miaka mitatu, pengine minne, ua la kwanza linapofunguka.

Miaka mitatu. Kwa mtu mwingine huo ni mzigo. Kwa Kinanda ulikuwa muziki. Muuza soli hurudishiwa soli zake wiki ijayo, mara nyingine usoni. Lakini bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kujua kama ametapeliwa mpaka miaka mitatu ipite ni neema ambayo tapeli huipata mara moja maishani, na asiyeipokea kwa mikono miwili hana shukrani.

Papo hapo akawa mjumbe wa chama cha wapenda maua. Chama hicho, alisema, kinatafuta mbegu za kupanda kwenye bustani ya wagonjwa. Mama Mkunga alimsikiliza hadi mwisho, akafuta miwani, akasema mbegu zote atampa bure, ila magoti yake yamechoka na kulea mimba si kazi ya mtu mmoja. Akitaka watoto, aje alee. Kisha, kama aliyekumbuka jambo dogo, akasema ni vyema mbegu ziende kwa wagonjwa, kwa sababu yule mama wa duka la mashela ya harusi kwenye barabara kuu angezisikia tu, angezinunua zote. Ana wazimu wa maua ya ajabu.

Kinanda akajifanya hakusikia.

Kuanzia hapo kila siku alikuwa ghorofa ya nne. Alipandisha magunia ya udongo, kwa sababu udongo wa zamani humchosha mjamzito. Alikwangua kuta na kuzipaka rangi upya, kwa sababu vumbi la rangi iliyobabuka huziba vifuko. Alibadilisha bomba la jikoni, kwa sababu maji yanayodondoka usiku kucha huyashtua maua. Kila kazi ilikuwa na sababu yake ya kitaalamu, na kwa vile Kinanda hakujua lolote kuhusu maua, alizikubali zote. Jioni alirudi chumbani kwake mgongo ukimuuma, na soli zake mwenyewe hazikumsaidia.

Wakati huo huo alikuwa ameomba ua jeupe lililochanua kwenye bua la pili la chungu kile kile, kwa ajili ya mama yake mgonjwa, ambaye alikuwa mzima wa afya. Akalitumbukiza bua lake kwenye kopo la wino. Baada ya siku mbili ua lilikuwa na mishipa ya buluu kama mkono wa mzee. Akalifunga kwenye karatasi, akawasha pikipiki yake, akaenda duka la mashela.

Mwenye duka, mama mnene mwenye utepe wa kupimia shingoni, alilitazama ua kwa muda mrefu. Kinanda akapiga vinanda vyake vyote: ua la buluu, pekee katika dunia hii, na mbegu zake ziko mbioni.

"Miaka mitatu?" mama akauliza. "Mabibi harusi wangu watakuwa wameshaachika. Mbegu kaa nazo, kaka. Niletee tunguu lenyewe lililotoa ua hili."

Akataja bei. Kwa bei hiyo mtu angenunua pikipiki tatu na mafuta ya mwaka mzima. Kinanda akasema atajitahidi.

Mama Mkunga alipoulizwa kuhusu tunguu la ua jeupe, alishika kifua. Lile ndilo alilolinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Na hata kama angekubali, nani humhamisha mjamzito? Wangoje kwanza uzazi.

Wakangoja. Na hapa msimulizi lazima aseme ukweli, ingawa unamwaibisha Kinanda. Siku kifuko cha kwanza kilipopasuka, alikuwa amepiga magoti mbele ya dirisha, akaziona mbegu zile zimelaliana safu kwa safu. Hakuwahi kungoja kitu kikafika. Akazikusanya moja moja kwenye bahasha, akibana pumzi zisipeperuke, na kwa nusu saa nzima hakuwaza bei yoyote.

Nusu saa ikaisha. Akaanza tena kubembeleza juu ya tunguu. Mama Mkunga akakataa, akalia kidogo, akakataa tena, mwishowe akasema kitu pekee kinachoweza kumfuta machozi ni usafiri, kwa ajili ya magoti yake. Kinanda alipiga hesabu kichwani: moja itoke, tatu ziingie. Akakabidhi funguo, kadi ya pikipiki na kofia ngumu, akaandikisha mauziano kwa saini, akashuka ngazi amekumbatia chungu.

Mwenye duka la mashela alikipokea kwa heshima zote, akakiweka mezani.

"Vizuri sana, kaka. Likitoa ua la buluu, siku hiyo hiyo njoo uchukue fedha yako yote."

Kinanda akapiga hesabu nyingine kichwani. Akisema litatoa jeupe, amejifunga mwenyewe. Akisema litatoa la buluu, angoje. Alikuwa kama mtu aliyejifungia ndani, kisha akameza ufunguo.

Pazia la chumba cha kujaribia nguo likasogezwa, akatoka Mama Mkunga na kofia ngumu kwapani.

"Shangazi, chai yako inapoa," mwenye duka akamwambia.

Kinanda akakaa juu ya boksi la vitambaa. Aliuliza jambo moja tu: alijua tangu lini.

"Tangu siku ya soli," Mama Mkunga akasema. "Nimezalisha miaka arobaini, mwanangu. Anayeigiza uchungu namjua kwa sauti." Kisha akamsogezea chungu. "Hili ni lako, umelinunua kihalali. Mbegu pia ni zako. Usiweke maji mengi."

Kinanda akaenda nacho nyumbani kwa miguu, akibadilisha bega kila kona.

Alikusudia kulitupa tunguu lile. Badala yake akaliweka dirishani, na mbegu akazifukia kwenye sinia la udongo, ati kwa kuzijaribu tu. Zikachipua kama nyasi. Mwaka ulipokaribia kuzunguka, tunguu likatoa bua, na bua likafungua maua manne, meupe pe. Kinanda akapanda ghorofa ya nne kuomba chavua nyekundu kidogo. Mama Mkunga akamfungia kwenye karatasi, lakini kwanza akamtuma chini akaoshe pikipiki.

Alikuwa dirishani kwake, kibrashi mkononi, mke wa mwenye nyumba wake alipopita barazani na kusimama. Alisema hajawahi kuona maua mazuri kiasi kile, na akataja bei, tena bei nzuri, ya mtu anayetaka kweli.

"Siuzi," Kinanda akasema. "Sogea kidogo, dada, unaniziba mwanga."