Kunguni wa Ukurasa wa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameipima meza yangu. Sentimita mia na ishirini kwa sitini. Nilidhani anataka kuishonea kitambaa. Kumbe anaangalia kama cherehani ya pili itaenea hapo.

Alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo, kwamba anashona mapazia peke yake, mimi nimekaa na kompyuta miezi minne, na tovuti yangu haijaleta hata mteja wa kubadilisha zipu ya mto. Nimepewa hadi Jumamosi. Mteja mmoja kupitia tovuti. La sivyo meza inaondoka, na mimi nakwenda kupiga pasi.

Mimi ni Meneja wa Tovuti. Nimeandika hivyo kwenye kipande cha boksi na kukibandika ukutani.

Nikamwonyesha simu yangu. Nikaandika "fundi mapazia". Sisi wa kwanza! Juu hata ya Kinyonga, fundi mapazia mwenzetu wa ng'ambo ya barabara, ambaye namwita hivyo kwa sababu kila mwaka duka lake lina rangi mpya. Mke wangu akauliza, kama sisi ni wa kwanza, hao wateja wanapotelea wapi. Nilikohoa.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kaja na chakula cha mchana. Ni mdogo wa mke wangu, anafanya kazi mapokezi ya zahanati, na ana maoni juu ya kila kitu. Akatafuta "fundi mapazia" kwenye simu yake. Kinyonga wa kwanza. Sisi ukurasa wa saba, chini ya mtu anayekodisha maturubai.

Akanieleza kwamba simu yangu inaniweka mbele kwa sababu naifungua tovuti hiyo mara arobaini kwa siku. Imeshanijua, inanipa ninachopenda. Nilimwambia simu yake ina hitilafu. Akachukua ya mke wangu. Ukurasa wa saba. Basi simu mbili zina hitilafu, na zote za ukoo mmoja.

Hata hivyo nimesoma makala, kwa ajili ya kujiendeleza tu. Inasema siri ni maneno muhimu. Yaani yale maneno ambayo watu huandika wanapotafuta kitu ndiyo yawepo kwenye ukurasa wako: kwenye kichwa, kwenye maelezo, chini ya picha. Nimehesabu. Neno "pazia" kwenye ukurasa wetu limo mara tatu. Tatu! Ndiyo maana.

Jumatano, 5 Machi

Sasa limo mara mia mbili na kumi na nne.

Nilimsomea mke wangu mwanzo wake: Karibu kwa fundi pazia wa mapazia, mshonaji wa pazia na mapazia kwa kila mpenda pazia mwenye dirisha lisilo na pazia. Cherehani ilinyamaza. Akaniuliza kama nina homa.

Mara mia moja nyingine nimeziandika kwa herufi nyeupe juu ya sehemu nyeupe, chini kabisa ya ukurasa. Mtu hazioni. Mashine inaziona. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kulifikiria hili.

Jioni shemeji akaangalia. Ukurasa wa kumi na moja. Mwenye maturubai hata haonekani tena kwa mbali.

Kumbe makala ilikuwa na nusu ya pili. Inasema kurudia neno ovyo na kuficha maandishi kunaifanya mashine ikushuku, ikakurudisha nyuma. Jambo la namna hiyo mwandishi mwenye adabu huliweka mwanzoni.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu amepata kazi. Hosteli ya wauguzi, madirisha thelathini na mawili! Matroni ameona mapazia yake kwa mtu, akaomba namba. Atakuja Jumamosi kusaini. Mke wangu ameimba mchana kutwa. Amesema kazi hii ndiyo itakayomtoa, ameingoja tangu aanze kushona.

Nikauliza kama matroni anahesabika kuwa mteja wa tovuti. Hahesabiki.

Nilikwenda kunyoa ili nipate utulivu wa kuwaza. Kwa kinyozi tulikuwa wanne kwenye benchi. Wawili wanajikuna. Mazungumzo yote ni kunguni. Wamejaa mjini, kila mtu anatafuta dawa mtandaoni na hapati. Nikatoka nimenyolewa upande mmoja, nikakumbuka, nikarudi.

Kosa langu lilikuwa neno. Nani anatafuta pazia? Watu wachache, tena mara moja kwa miaka kumi. Makala inasema chagua neno linalotafutwa na wengi ambalo wachache wameliandikia. Mimi natii makala.

Kichwa kipya: Dawa ya Kunguni, Maangamizi ya Kunguni, na Mapazia. Aya ya kwanza: Je, unasumbuliwa na kunguni? Sisi tunashona mapazia. Picha zote nazo nimezipa maelezo mapya. Sijadanganya mahali popote. Sijasema tunayo dawa.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kapiga simu asubuhi. "Dawa ya kunguni": ukurasa wa kwanza, nafasi ya pili! Kwenye simu YAKE. Alikuwa na jambo jingine la kusema, akaanza na "lakini", nikakata.

Simu kumi na tisa kabla ya saa sita. Zote kunguni. Bwana mmoja alinielezea godoro lake kwa dakika kumi. Bibi mmoja amekuja mwenyewe, na kunguni wake ndani ya kiberiti, ili nimtambue. Mke wangu alikuwa nje kununua uzi. Nilimshukuru Mungu na nikamsindikiza bibi hadi barabarani.

Nilijaribu kuwageuza kuwa wateja. Nikamwambia mmoja kwamba kunguni hupenda kujificha kwenye mapazia ya zamani, je, hahitaji mapya? Akashukuru sana kwa taarifa. Akasema anayachoma leo hii na hataweka mengine maisha yake yote.

Alasiri watu sita walikuwa wamesimama mlangoni wakijikuna. Kinyonga katoka dukani kwake kututazama. Nikampungia mkono. Hakunipungia. Wivu.

Wateja wa mapazia: hakuna. Lakini Jumamosi bado.

Jumamosi, 8 Machi

Matroni hakuja. Alipiga simu saa nne.

Alikuwa anatafuta njia ya kufika kwetu, akaandika jina la karakana mtandaoni. Akapata neno kunguni mara thelathini. Akapata picha ya pazia bora la mke wangu, lile la kahawia lenye mikunjo miwili, na chini yake maelezo: "kunguni wa kahawia, wakubwa kwa wadogo". Akasema kwa upole kwamba ana wauguzi tisini wanaolala pale. Atakwenda kwa Kinyonga.

Mke wangu aliweka simu chini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniomba nimsomee ukurasa mzima, kuanzia juu. Nikasoma. Nilipofika kwenye maangamizi nikajaribu kuruka mstari, akanirudisha. Niliona aibu, aibu ya kweli, na kwa dakika kadhaa sikuwa Meneja wa kitu chochote.

Akavaa mtandio, akachukua futi yake, akaondoka kwa miguu hadi hosteli.

Saa tisa akarudi na matroni, wauguzi wawili na tochi. Alikuwa amemwambia njoo upekue mwenyewe. Wakapekua. Walifunua kila jora, wakachungulia mishono, wakaigeuza cherehani. Chini ya meza yangu walikuta vikombe vitano na sahani niliyodai imevunjwa na shemeji. Kunguni, hakuna hata mmoja. Matroni akasaini juu ya meza ya kukatia.

Walipoondoka mke wangu aliketi kwenye kompyuta yangu. Alifuta kila kitu. Akaandika, kwa dakika kumi tu: Tunashona mapazia ya nyumba na hosteli. Nakuja mwenyewe kupima madirisha yako kabla ya kukata kitambaa. Ukipiga simu nitapokea mimi.

Basi. Pazia mara moja. Nilimwambia, kwa upendo, kwamba hiyo haitafika popote.

Jumatatu, 10 Machi

Meza imeondoka. Cherehani ya pili imeenea sawasawa, zimebaki hata sentimita tano. Naandika haya juu ya ubao wa kupigia pasi. Unayumba. Kile kipande cha boksi nimeruhusiwa kubaki nacho.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji kaleta habari. "Fundi mapazia": ukurasa wa kwanza, nafasi ya tatu. Amekagua kwenye simu nne za zahanati. Tena mama mmoja kapiga, anataka kupimiwa madirisha. Amesema aliupenda ukurasa kwa kuwa unaeleza nani atakayekuja nyumbani kwake. Mke wangu anasema aliandika tu yale ambayo wateja humuuliza kila siku.

Nimelitafakari hili nikipiga pasi pazia la tisa la hosteli. Jibu ni rahisi. Makala inasema matokeo huchukua muda. Kwa hiyo haya ni matunda ya zile pazia mia mbili na kumi na nne, yanaanza kuiva. Nilimweleza mke wangu. Akanipa pazia la kumi.

Kosa langu nimelijua sasa, na ni dogo. Kunguni hukaa kitandani, na matroni ana vitanda tisini. Lazima angeshtuka. Mende hukaa jikoni. Na jikoni hakuna mapazia ya kumtia mtu wasiwasi.

Mke wangu amekwenda hosteli kupima ghorofa ya pili. Kompyuta ipo. Nimeweka kichwa kipya, nikakisoma mara mbili, nikatafuta "dawa ya mende" kwenye simu yangu.

Sisi wa kwanza.