Okidi ya Mkuu wa Masjala

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wetu wa masjala ameanza likizo ya wiki tatu. Ameniachia chungu cha okidi yake, ile inayoota udongoni, maua ya zambarau yakianza kusinyaa. Akirudi ataamua kama nathibitishwa kazini au narudi kwa mama. Kuhusu okidi kasema niiache ilivyo. Niiache? Nani humwachia mtu kitu ili akiache? Nimeimwagilia mara tatu.

Alhamisi, 6 Juni
Majani yamegeuka manjano. Nimeongeza maji. Umanjano nao umeongezeka. Tarishi, ambaye huniita Profesa, kasema mmea unataka kulala. Anakitaka kiti changu, nina hakika karibu kamili.

Jumanne, 11 Juni
Majani chini, bua limekauka kama njiti. Ee Mola! Nimefukua kwa rula. Viazi viwili vimeshikana: kimoja cheusi, kimekunjamana, kingine cheupe, kinene, kimeshiba. Nikafikiri kwa makini. Kinene kinamnyonya mwenzake! Nimekikata, nikakitupa. Mnyonge nimemrudisha udongoni na kumpa pole.

Jumatano, 12 Juni
Tarishi kaona udongo kwenye faili. Nikamweleza yote, kwa fahari kidogo. Kalikung'uta faili. Kisha kasema bibi yake alikuwa nazo uani: kiazi cha zamani kikishachanua hufa, na kile kipya cha pembeni hulala hadi mvua, ndicho kinachotoa ua la mwaka unaofuata.

"Profesa, umemzika marehemu ukamtupa mtoto."

Nikatoka mbio hadi shimo la taka. Watu wa jikoni walikuwa wameshamwaga takataka zao juu. Nimeokota vitu vinne vyeupe vya mviringo. Kipi ndicho? Sijui. Nimepanda vyote.

Jumatatu, 24 Juni
Mkuu karudi. Chunguni limesimama chipukizi la kijani, refu. Kavua miwani, kaipangusa, kaivaa tena. Kasema miaka tisa hajapata kuiona ikiamka kabla ya mvua. Tarishi kainama, akanusa.

"Bosi, mbona inanukia mchuzi?"

Nikasema ni dirisha, liko wazi. Mkuu hakusikia, furaha imemjaa. Ijumaa anawaleta wenzake wa chama cha wapenda maua, na barua yangu ataitia sahihi mbele yao. Tarishi kanivuta kando. Kanisihi nikaseme ukweli leo hii, Mkuu ni mama mwenye huruma, atacheka yaishe. Huruma! Mtego huo, hata mimi nauona.

Nimenunua karatasi laini ya zambarau, gundi na mkasi. Maua kumi na mawili yatatosha, nikiyabandika Alhamisi watu wakienda kula. Kinachonitatiza ni kimoja tu: ua la okidi lina petali ngapi?

Kesho nitamuuliza Mkuu.