Kadi ya Mbali

Wenye maduka husubiri wateja waingie. Mshauri aliwasubiri watoke. Alikuwa na meza yake ndogo barazani, jirani kabisa na duka kubwa la kamera, na kazi yake ilikuwa kusoma nyuso. Aliyetoka anatabasamu alikuwa ameshanunua, huyo hana faida. Aliyetoka amenuna mfuko wake ulikuwa mtupu, huyo aende salama. Lakini aliyetoka ameduwaa, mdomo wazi, hajui kushoto wala kulia, huyo ndiye riziki yenyewe.

Mama yule alitoka ameduwaa kupita kiasi. Alikuwa mtu wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, na mkononi ana karatasi ya matangazo aliyoishika kichwa chini.

"Shikamoo mama," alisema Mshauri, ambaye alikuwa ameshasimama na kuvuta kiti. "Wamekuchanganya, sivyo?"

"Marahaba mwanangu. Wamenimaliza! Nataka kamera, ile kubwa ya kubadilisha lenzi, niwapige picha wajukuu zangu. Yule muuzaji ananiuliza nataka megapikseli ngapi. Nikamwambia anipimie za kutosha. Akacheka!"

"Hawana adabu," alisema Mshauri, na kweli sauti yake ilitetemeka kwa uchungu.

Hapa inabidi nieleze utaratibu, maana Mshauri hakuwa mwizi wa ovyo ovyo. Juu ya meza yake ilikaa kamera hai, inayopiga picha safi. Chini ya meza, ndani ya boksi lililofungwa vizuri kwa nailoni, ililala kamera maiti ya aina ile ile, utumbo wake umetolewa na tumbo limejazwa udongo ili uzito ulingane. Mteja aliijaribu hai, akalipa, akaenda nyumbani na maiti. Mpaka aanze kulia, meza ilikuwa imeshahamia mtaa mwingine.

Dosari ilikuwa moja tu: kamera hai haikuwa yake. Ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, mpiga picha za harusi, ambaye aliamini kwamba Mshauri huipeleka kwa fundi kusafishwa. Na nyumba waliyokaa Mshauri na mkewe ilikuwa ya shemeji huyo huyo. Kamera ikipotea, na kitanda kimepotea. Tena leo mchana shemeji alikuwa na harusi.

"Fedha unazo, mama?" Mshauri aliuliza kwa upole wa daktari.

"Fedha anazo mzee wangu, yule pale kwenye benchi. Mimi nachagua, yeye analipa. Ndoa yetu iko hivyo."

Kwenye benchi la ukutani alikaa mzee mwembamba, amepakata mkoba wa ngozi. Mama akampungia mkono. Mzee naye akapunga, tena kwa furaha. Mshauri aliutazama mkoba ule, akaupenda.

"Basi nikwambie, mama. Kamera si tatizo. Watu wanaliwa kwenye memori kadi."

"Ehe?"

"Wanakuuzia kadi moja upigie kila kitu! Sasa picha ya msiba na picha ya harusi zitakaaje chumba kimoja?"

Mama alishika kifua. "Zitagombana."

"Zitagombana, mama! Maharusi wanatoka wamekunja uso, wafiwa wanatoka wanacheka."

"Ndiyo maana!" alisema mama. "Kuna dada yangu aliolewa, kwenye picha zote anaonekana analia."

Mshauri alipanga kadi mezani. Zote zilikuwa za aina moja, za bei ya kutupa, ila kila moja alikuwa ameibandika karatasi ya rangi yake. Nyekundu ya harusi. Nyeusi ya misiba. Kijani ya wajukuu.

"Na wakwe?" mama aliuliza. "Siwezi kuwachanganya na watu wa kawaida."

"Wakwe wana yao, ya dhahabu. Ila bei yake nayo ni ya wakwe."

"Sawa tu. Na hii ya bluu?"

Ya bluu haikuwa na kazi. Mshauri aliibandika rangi ile kwa sababu karatasi nyingine zilikwisha. Lakini ulimi wake haukuwahi kumwangusha.

"Hiyo kadi ya mbali. Inavuta. Unampiga mtu aliye ng'ambo ya barabara, unahesabu kope zake."

"Mwongo wewe!"

"Haki ya nani vile!"

"Basi nijaribu. Mzee wangu hatoi hata senti kabla sijajaribu."

Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Lakini Mshauri alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda sana kupigwa picha, na aliamini shavu lake la kushoto lingekuwa limemfikisha mbali kama dunia ingekuwa na haki. Aliichomeka kadi ya bluu kwa mkono wake mwenyewe, akamvisha mama mkanda wa kamera shingoni, akaenda kuegemea ukuta na kurekebisha kola.

"Tabasamu, mwanangu. Meno yaonekane. Hapo hapo, usitikisike!" Mama alipiga hatua nyuma. "Bado uko karibu."

"Rudi tu, mama, inavuta!" Mshauri alisema bila kufunga meno.

Mama akarudi, jicho kwenye kamera. Akavuka barabara kinyumenyume, magari yakimpigia honi.

"Naziona kope!" alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Jamani, na ndevu! Nirudi tena?"

"Rudi!" Mshauri alijibu, amevimba kwa fahari.

Mama akarudi, akarudi, akapinda kona ya duka la viatu, na mkono wake ukapunga mara moja kabla haujapotea.

Mshauri alibaki anatabasamu. Mpita njia mmoja alimtazama, akatafuta kamera, hakuiona, akaongeza mwendo. Mashavu yalianza kuuma. Hatimaye alifunga mdomo, lakini hakuogopa sana, kwa kuwa mume alikuwepo, na mkoba ulikuwepo. Alimwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Zamu yangu?"

"Mama anachelewa kidogo."

"Mama yako?"

"Mke wako, mzee!"

"Mke wangu yuko nyumbani, anaumwa goti. Yule mama kaniambia mwanawe leo anawapiga wazee picha za pasipoti bure. Nikae hapa nisubiri, akinipungia nami nipunge." Mzee alifungua mkoba. "Nimekuja na shati jeupe na kitana."

Mshauri alikimbia mpaka kwenye kona, akaona viatu tu. Aliporudi anahema, simu ilikuwa inaita.

"Shemeji, bibi harusi ameshashuka kwenye gari! Kamera iko wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu aoe, Mshauri alisema kweli. "Shemeji, nimeibiwa. Mama mmoja ameondoka nayo kinyumenyume huku mimi natabasamu."

Kisha shemeji akaangua kicheko. "Wewe mtu wewe! Acha utani, niambie ukweli."

Mshauri alifumba macho. "Kwa fundi kuna foleni."

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo! Nakuja na pikipiki, naichukua mwenyewe. Nielekeze, na usitoke hapo."

Alielekeza, mpaka mahali pa kuegesha pikipiki. Angesema nini? Alipokata simu alitaka kukimbia, lakini hakujua akimbilie wapi, maana kwake ndiko kwa shemeji. Nyuma yake mzee alikuwa ameshavaa shati jeupe, amechana nywele, amesimama wima palepale ukutani.

"Huyo anayekuja na pikipiki," mzee aliuliza, "anakuja na kamera?"