Kamusi Yenu Imenimwagia Zeituni

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Pokea salamu kutoka kijijini kwetu, milimani Kabilia. Mimi ni Si Lunis (“Si” kwetu ni “Bwana”), mwenye mizeituni mia mbili, na nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nina hasira hadi kofia hainikai.

Mmeandika kwamba tiwizi ni “kazi ya kusaidiana kwa zamu, bila malipo, ambayo baadhi ya wenye mashamba waliigeuza shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa.” Mwalimu Ferruja akayasoma hayo barazani, mara mbili! Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga shambani kwangu. Zeituni zinaanguka na kuoza, theluji nayo iko njiani. Nalalamika hivi:

1. Asili ya neno mmeikosea. Tiwizi ilianzia kwa babu yangu. Aliwaita watu, wakaja mbio. Bunduki alikuwa nayo, ndiyo, lakini ya kufukuzia ndege.

2. “Kwa zamu” mmeitoa wapi? Zamu yangu hufika kila mwaka. Nikiitwa kwa wengine mgongo huniuma, na huo ni ugonjwa wa ukoo.

3. “Bila malipo” ni uzushi mtupu. Huwapa kivuli, upepo safi na nafasi ya kuimba. Mjini kuimba hivyo watu hulipa kiingilio!

4. Mmewafundisha watu utovu wa adabu. Juzi mpiga mbiu aliponitangazia kazi, Bi Wardia, mjane mwenye mizeituni mitatu tu, alinijia juu: “Si Lunis, baba, huo mgongo mbona siku ya kula hauumi?” Mzee Akli akadakia: “Mwacheni, mizeituni yake anaijua kwa chini tu!” Walicheka hadi imamu akakaa chini.

5. Basi lifuteni neno. Ikishindikana, chaneni ukurasa. Ikishindikana pia, wahariri wote mje mnichumie wenyewe, na makapu mje nayo. Hiyo haitakuwa shokoa, jamani, itakuwa utafiti.

Nisalimie wote ofisini, wake zao na wakwe zao, hata huyo wa herufi T, Mungu amsamehe.

Wako mwenye kuonewa,
Si Lunis

Nyongeza: Kabla sijaituma barua nilisikia kijiji kizima kiko kwa Bi Wardia. Nikaenda kuhakikisha kwamba wamelazimishwa. Wapi! Walikuwa wanaimba. Nikakaribishwa kuskusi na nyama, nikala sahani mbili, ndipo Bi Wardia akanikabidhi ufito wa kuangushia zeituni: kwake aliyekula hupanda mtini kuchuma. Nimepanda, Mhariri! Kwa umri huu! Nimejaza kapu zima na nimepigiwa vigelegele hadi nikaona haya. Tulipokuwa tunashuka, Mzee Akli akaniuliza, “Kesho kwako, Si Lunis. Tuje saa ngapi?”

Tafadhali nijulishe upesi kazi hii huanza saa ngapi, maana miaka yote wakianza mimi huwa nimelala.